Ya Kumi na Sita Nani?

Katika ukoo wa Mzee Khelef, kwa miaka zaidi ya ishirini, haikufungwa hitima hata moja bila ya Wahida kuhesabu. Akifa mtu, siku ya tatu baada ya sala ya alasiri, jamaa hukusanyika nyumbani Jedda. Wanaume hukaa sebuleni, wanawake chumba cha ndani, na pazia katikati. Msahafu hugawanywa juzuu thelathini, kila mtu akasoma yake, ili Kur-ani nzima isomwe kwa ajili ya marehemu siku hiyohiyo. Kisha Ami Mubarak, mdogo wake Mzee Khelef, huinua mikono na kuomba dua. Lakini hakuinua mpaka asikie sauti kutoka nyuma ya pazia.

"Ya kwanza nani?"

"Mimi."

"Ya pili?"

"Mimi, Wahida, na kichwa chaniuma."

"Kichwa sikukiuliza. Ya tatu?"

Watu walicheka, hata msibani. Ami Mubarak aliwahi kumwambia, "Mwanangu, hapa ni nyumbani au ni uwanja wa ndege? Mbona twakaguliwa pasi?"

"Pasi yako ni ya ishirini na mbili, Ami. Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Basi pita."

Alikwenda hivyo mpaka ya thelathini, ambayo ni ya shangazi yake, Bi Raya, siku zote. Alipofika kumi na sita alijitaja mwenyewe, maana hiyo ilikuwa yake. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi: kila mtu na juzuu yake, mwaka nenda mwaka rudi, kama mtu anavyokuwa na pahala pake pa kukaa mezani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hasemi tu, "Jamani, mmesoma wote?" akamaliza kwa neno moja. Walidhani ni tabia yake. Mdogo wake, Idi, ndiye aliyemcheka kuliko wote.

Wahida alizaliwa Jedda. Baba yao, Mzee Khelef, alifika huko akiwa kijana na wazazi wake waliotoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na Kiswahili cha nyumbani kikabaki Kiswahili cha Unguja, kikiongezewa Kiarabu cha Hijazi pale palipohitajika. Alimaliza sekondari akiwa wa pili katika darasa lake. Mwaka huo karatasi za baba yao zilikuwa hazijatengemaa, na mlango wa chuo kikuu ukafungwa usoni pake kwa upole, kwa tabasamu na kwa neno "mwakani." Mwakani haikuja. Aliolewa, akaachika baada ya miaka minne, hakujaaliwa mtoto. Hakulalamika mbele ya watu. Alitafuta kazi, akaipata katika kituo cha masomo ya ziada cha wasichana, kazi ya kupiga chapa karatasi za mazoezi.

Karatasi hizo zilikuwa za wasichana wanaojiandaa kwa mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri, ule ambao anayetaka chuo kikuu lazima aufanye. Wahida alipiga chapa maswali mwaka mzima bila kusema kitu. Siku moja aliingia ofisini kwa Ustadha Ibtisam, mwalimu mkuu wa kituo, na karatasi mkononi.

"Ustadha, jibu la swali la saba si sahihi."

Swali lilisema: baadhi ya wauguzi wa hospitali fulani wanatoka Taif, lipi ni lazima liwe kweli? Na jibu lililowekwa lilikuwa kwamba baadhi ya wauguzi hao hawatoki Taif.

"Kosa liko wapi?" Ustadha aliuliza. "Wangekuwa wote wanatoka Taif, swali lingesema wote."

Mezani palikuwa na katoni ya tende iliyofunguliwa asubuhi ile. Wahida alikula moja, akala ya pili, akala ya tatu, Ustadha akimtazama kwa mshangao.

"Hizi tatu ni tamu," Wahida alisema. "Naweza kusema baadhi ya tende za katoni hii ni tamu. Nitakuwa nimesema kweli?"

"Kweli."

"Zilizobaki nimesema ni chungu?"

Ustadha Ibtisam aliitazama katoni.

"Sikuzisemea kitu. Sikuzionja. Huenda zote ni tamu, huenda hapana. Anayesema baadhi amesema alichokiona. Hakukataa asichokiona."

Ustadha aliisoma tena karatasi, akaicheka nafsi yake, akabadilisha jibu kwa kalamu. Kuanzia mwezi uliofuata hakuna karatasi iliyotoka pale kabla Wahida hajaipitia, na baada ya muda akawa anakaa na wasichana waliokwama, saa moja moja, bila ya kuitwa mwalimu. Aliwafundisha maneno manne tu: wote, wengi, baadhi, hakuna. Alisema watu wengi hawafeli kwa kukosa akili. Hufeli kwa kuwa wameambiwa kidogo wakasikia kingi.

Idi, mdogo wake kwa miaka minane, alihamia Riyadh kwa kazi. Alikuwa mtunza faili katika ofisi moja ya mtaa wa Olaya, akienda na kurudi kwa treni ya metro tangu ilipofunguliwa. Alikuwa na mke na binti mmoja, Huda. Huda alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, shangazi yake alianza kumfundisha kwa simu, kila Ijumaa baada ya alasiri, picha ya uso wake ikiwa imeegemezwa kwenye birika la kahawa.

Ijumaa moja Idi alikuwa amejilaza juu ya mito pembeni, macho yamefumba nusu.

"Wanafunzi watano, vitabu vitano," Wahida alikuwa akisema. "Kila mwanafunzi amesoma kitabu kimoja. Je, ni lazima kila kitabu kiwe kimesomwa?"

"Lazima!" Idi alipaaza sauti. "Watano kwa watano!"

"Nani huyo anayefanya mtihani wa mwenziwe?"

"Ni baba, shangazi."

"Mwambie amefeli."

Idi aliinuka. "Nimefeli vipi, Da Wahida? Watu watano, vitabu vitano, kila mtu kasoma. Kilichobaki nini?"

"Wote watano wanaweza kuwa wamesoma kitabu kimoja kilekile, wakipokezana. Vinne vikabaki rafuni na vumbi lake. Ulichoambiwa ni habari ya wanafunzi, Idi. Wewe ukajibu habari ya vitabu."

"Ah, maneno ya kitabuni hayo. Mtu wa kawaida hafikiri hivyo."

"Ndiyo maana mtu wa kawaida hufeli," Wahida alisema, na Huda akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Mwezi wa Shaabani Wahida alilazwa.

Moyo wake ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu kuliko alivyowaambia watu. Idi alichukua ruhusa kazini akaenda Jedda. Daktari, kijana mpole mwenye ndevu fupi, aliwaeleza wote wawili, yeye na mgonjwa: kuna upasuaji wa kufanywa, na wagonjwa wengi wanaofanyiwa upasuaji huo hurudi nyumbani kwao wakiwa wazima. Idi alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Daktari alipotoka tu, alimpigia simu mkewe, palepale karibu na kitanda.

"Atapona. Daktari amesema atapona."

Wahida alimngoja akate simu.

"Idi, daktari hakusema hivyo."

"Kasema wengi hupona."

"Wengi. Hakusema mimi."

"Wala hakusema si wewe!"

Wahida alimtazama, akatabasamu kidogo. "Hapo sasa umesoma vizuri. Hakusema mimi, wala hakusema si mimi. Kwa hivyo kaa nikwambie jambo moja."

Idi alikaa, lakini moyo wake haukukaa.

"Nikifa, nataka hitima yangu itimie. Sina mtoto wa kuniombea, nina nyinyi. Isifungwe pungufu. Utaisimamia wewe?"

"Nitaisimamia. Lakini tusizungumze hayo."

"Sikiliza namna ya kuifanya. Usije ukauliza—"

"Da Wahida, basi! Wengi hupona. Na wewe ni katika wengi, inshallah. Utasimama mwenyewe nyuma ya pazia ukamuhesabia mtu mwengine."

Alisema kwa sauti ya juu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Wahida hakubishana naye. Alimpapasa mkono, akaomba maji.

Alifanyiwa upasuaji siku ya Jumatatu. Jumatano alfajiri alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu na alipanue kaburi lake. Alisaliwa baada ya adhuhuri, akazikwa. Idi aliingia kaburini kumpokea, akatoka na mchanga kwenye kope.

Hitima ikawa Ijumaa. Idi alikuwa ameahidi, na ahadi hiyo ndiyo iliyomshikilia wima siku zile tatu. Hakula vizuri, hakulala vizuri, lakini jambo hili alitaka alifanye sawasawa. Jamaa kumi na wanane wangesomea pale nyumbani. Kumi na wawili walikuwa Riyadh, wangesomea majumbani mwao. Huda mmojawao, kwa sababu mtihani wake ulikuwa Jumapili na hakuweza kusafiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma katika hitima. Idi alihesabu: kumi na wanane na kumi na wawili, thelathini. Aliandika katika simu, kwa kundi la ukoo:

"Assalamu alaykum. Kila mtu asome juzuu yake ya siku zote kwa ajili ya Da Wahida. Akimaliza aniambie."

Sanduku la mbao lenye vijuzuu vyembamba, lile la Mzee Khelef, lilizungushwa sebuleni, likapitishwa chini ya pazia kwa wanawake, likarudi. Watu walisoma kwa sauti za chini zilizochanganyikana. Idi alisoma yake, ya tisa, kisha akakaa na karatasi kwenye goti akitia alama. Simu ilikuwa ikitetema. Nimesoma. Tumemaliza, mimi na mume wangu. Nimesoma, Mungu amrehemu. Ujumbe wa Huda ulikuja karibu ya mwisho: "Baba, nimesoma Amma. Nimelia." Idi alitia alama. Kutoka nyuma ya pazia wakamtajia majina ya wanawake waliomaliza, akatia alama. Alipohesabu alikuta thelathini. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alihisi kifua kimepungua uzito. Amemtimizia.

"Tayari?" Ami Mubarak aliuliza. Alikuwa mzee wa miaka themanini, mikono yake imeanza kutetemeka. "Wote wamesoma?"

Idi alifungua kinywa aseme wote. Ilikuwa kweli. Karatasi ilikuwa mkononi na alama thelathini juu yake.

Alisikia, kama vile mtu amezungumza karibu na sikio lake: ulichoambiwa ni habari ya wanafunzi, Idi.

Aliitazama ile karatasi. Ilikuwa na majina ya watu. Haikuwa na juzuu hata moja.

"Idi?" Ami aliita. "Wote?"

"Watu wote wamesoma, Ami," Idi alisema polepole. "Subiri kidogo." Akageuza karatasi upande usioandikwa, akapandisha sauti ili isikike na ndani. "Ya kwanza nani?"

Kila mtu pale alijua maneno hayo ni ya nani. Nyuma ya pazia mtu alianza kulia.

"Mimi," akajibu mmoja.

"Ya pili?"

"Mimi."

Safari hii hakuna aliyetaja kichwa. Idi alikwenda akiandika, wa pale wakijijibia, wa Riyadh akiwatafuta kwenye simu. Alifika kumi na nne, akafika kumi na tano.

"Ya kumi na sita nani?"

Hakuna aliyejibu. Watu walitazamana. Idi aliuliza tena, akatazama simu, akarudi kuwatazama watu.

Sauti ya Bi Raya ndiyo iliyotoka, ya chini, kutoka ndani. "Kumi na sita, mwanangu? Kumi na sita si ya Wahida mwenyewe?"

Idi aliacha nafasi tupu kwenye karatasi. Kisha aliendelea, kwa sababu hesabu ilikuwa haijesha, mpaka ya thelathini.

"Mimi," alisema Bi Raya. "Amma ni yangu, wajua."

Na Amma ndiyo aliyoisoma Huda. Mtoto alisoma anayoijua. Hakuwa na juzuu ya siku zote, na hakuna aliyempa. Watu thelathini, kila mtu kasoma. Ya mwisho imesomwa mara mbili, na ya Wahida haikusomwa na mtu. Kila mmoja aliiacha pahala pake, kama walivyoiacha siku zote, kwa kuwa mwenyewe yupo.

Ami Mubarak aliteremsha mikono magotini. "Mwenyezi Mungu anajua nia zetu," alisema. "Nyinyi vijana, tugawane kurasa. Watu kumi, kila mtu kurasa mbili, kwa dakika kumi tumemaliza."

Lilikuwa shauri jema, na kila mtu alilikubali kwa kichwa. Idi peke yake hakukubali.

"Ami, naomba niisome mimi."

Binamu yake aliyekaa karibu na mlango, ambaye walikwenda chuo cha Kur-ani pamoja wakiwa watoto, alimwambia kwa huruma, "Idi, usomaji wako twaujua. Ni wa kituo na kituo. Magharibi itatukuta hapa."

"Basi itukute. Aliniambia, nikamkatiza." Aliwageukia wote. "Alitaka kunifundisha namna ya kuuliza, nami nikamwambia wengi hupona. Mwenye haraka aende, sitamlaumu. Naomba tu dua isiombwe kabla."

Mzee alimtazama, akavuta mto, akajiegemeza. "Soma. Mimi sina pa kwenda."

Kijuzuu cha Wahida hakikuwamo sandukuni. Kwa miaka yote sanduku lilikuwa na ishirini na tisa, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Bi Raya alikitoa katika mkoba wa marehemu, ule uliorudi na nguo zake kutoka hospitali, akakipenyeza chini ya pazia. Ndani yake mlikuwa na risiti ya duka la dawa kuwekea alama, mwanzoni mwa Surat Maryam. Ndipo alipokuwa amefikia.

Idi alianza mwanzo wa juzuu, mwishoni mwa Surat Kahf. Alisoma kwa kituo na kituo, kweli, kidole chini ya mstari, akikosea na kurudi. Watu wengi walibaki. Baadhi waliondoka kimyakimya. Walikuwa na kazi zao. Alipofika kwenye ile risiti aliitoa akaitia mfuko wa kanzu. Akaingia kwa Nabii Zakariya, mzee anayemlilia Mola wake kwa sauti ya siri, mifupa imedhoofika na kichwa kimewaka mvi, naye hana mtoto wa kumrithi. Hapo sauti ilimkatika. Alijaribu mara mbili, herufi zikawa maji.

Kutoka nyuma ya pazia Bi Raya aliidaka aya ilipoangukia, akaendelea kwa kichwa bila ya msahafu, taratibu, sauti yake kavu ya kizee ikipita juu ya vichwa vya watu. Alisoma ukurasa mmoja na kitu. Kisha akanyamaza akamngojea. Idi alipangusa uso kwa mkono wa kanzu, akatafuta mstari, akarudi nyuma mpaka pale alipokatika, akayasoma mwenyewe upya yote aliyoyasoma Bi Raya, asiache hata neno. Akamaliza Maryam. Akasoma Taha mpaka mwisho wake.

Mwanga wa dirishani ulikuwa umegeuka rangi alipokifunga. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Tayari, mwanangu?" Ami Mubarak aliuliza. Safari hii hakusema wote.

Idi aliichukua ile karatasi. Angeweza kusema ndiyo. Kila mtu sebuleni pale alijua kilichokuwa kimebaki na alikisikia kikisomwa.

"Ya kwanza nani?" aliuliza.

"Mimi," walijibu, mmoja baada ya mmoja, na waliokwisha kuondoka akawajibia yeye kwa karatasi. Ya kumi na tatu. Ya kumi na nne. Ya kumi na tano. Bi Raya alikuwa amesogea mpaka kwenye pazia, kivuli chake kikaonekana kitambaani, mahali palepale alipokuwa akisimama Wahida.

"Ya kumi na sita?" aliuliza Bi Raya, kabla Idi hajafika.

"Mimi," Idi alisema, akaiandika, akaendelea na ya kumi na saba.